Wimbo wa Kijapani ndani ya Probox, na kaseti ya mzee

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na itakuja. Lakini leo niruhusuni nipige kona kidogo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwezi jana, na nisipolitoa hapa sitaandika kitu kingine. Ni habari ya wimbo mmoja wa Kijapani, gari la kakangu, na kosa nililolifanya nikiwa na miaka 14.

Tuanze na gari.

Kakangu husambaza mayai na mikate kwa maduka, kuanzia huku kwetu Baba Dogo hadi Lucky Summer na Korogocho. Mwaka 2024 alinunua Probox ya mwaka 2017, imetoka Japani ikapitia bandari ya Mombasa kama ndugu zake wote. (Kwa wasomaji walio nje ya Kenya: sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hivyo magari mengi yanayofika hapa ni ya umri huo huo wa miaka saba, minane.)

Ukiwa na gari la Kijapani utayajua mambo mawili haraka sana. La kwanza, gari linaongea. Kila asubuhi kakangu akiwasha injini, sauti ya mwanamke hutoa maneno marefu ya Kijapani kwa heshima kubwa. Mama aliamini ni salamu, na akipewa lifti alikuwa akijibu, "Asante mwanangu." Mimi nikatafuta maana yake. Ni kile kisanduku cha kulipia barabara za huko kwao, kinalalamika kwamba kadi ya malipo haijaingizwa. Sikumwambia Mama mpaka leo.

La pili ni redio. Japani walitenga FM yao kati ya megahezi 76 na 90 (baadaye wakaongeza hadi 95), ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Redio ya kakangu inaishia 90. Maana yake ni kwamba inapofika pale ambapo Nairobi ndiyo kwanza inaanza, yenyewe imefika mwisho wa safari. Unapata Ghetto Radio kwenye 89.5 na nyingine moja mbili, basi. Mafundi wa Kirinyaga Road wana kidude cha kushusha masafa ili upate stesheni za juu, lakini kakangu alikuwa bado anadaiwa pesa za gari. Fundi mmoja alimshauri aing'oe kabisa redio ile na kuweka ya skrini kubwa. "Hiyo ni takataka ya Wajapani," alimwambia. Kakangu akasema atarudi akipata pesa.

Basi kwa kukosa redio, siku moja akabonyezabonyeza vitufe na muziki ukaanza. Kumbe mwenye gari wa kwanza alisahau kadi ya SD ndani, imejaa nyimbo. Kwa miezi kadhaa watu wa Baba Dogo wamekuwa wakipokea mayai yao huku Probox inaimba Kijapani. Watoto wa ploti yetu wanajua viitikio vingine kwa moyo, bila kujua hata neno moja maana yake.

Wimbo mmoja ndio ulionishika mimi. Ni wa taratibu, gitaa laini, besi inatembea bila haraka, mwimbaji anaimba kama mtu aliyechoka vizuri baada ya kazi. Nilipousikia mara ya kwanza tulikuwa kwenye foleni pale Allsopps, jioni, mvua imenyesha kidogo, taa za magari zinang'aa kwenye lami. Nikajisikia nimekumbuka kitu. Shida ni kwamba sikujua nimekumbuka nini! Sijawahi kufika Japani. Katika miaka ya themanini, ambayo wimbo ule ulinionyesha wazi kabisa, mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lakini hamu ya zamani ilinijaa kifuani kama vile nimepoteza mtu.

Nikauliza, "Huu wimbo unaitwaje?" Kakangu akanionyesha kwa kidole ile skrini ndogo. Herufi za Kijapani tupu.

Ndiyo, najua kuna programu za simu za kutambua wimbo. Lakini nyinyi mnanijua. Nilitaka kusoma kilichoandikwa ndani ya faili lenyewe. Nikaichomoa kadi, nikaiweka kwenye laptopu yangu, na jina la wimbo likatokea hivi:

“Œ‹žƒtƒ‰ƒbƒVƒ…

Wale wa siku nyingi mmeshatambua ugonjwa huu. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Ili namba igeuke herufi lazima pande mbili zikubaliane ni jedwali lipi linatumika. Siku hizi karibu kila mtu anatumia UTF-8, lakini Wajapani walikuwa na jedwali lao la zamani, Shift_JIS, ambalo kila herufi ya kanji huchukua baiti mbili. Yule bwana (au bibi) aliandika majina ya nyimbo zake kwa jedwali hilo. Redio yake ilikuwa Mjapani mwenzake, ikasoma vizuri. Laptopu yangu ilidhani ni Windows-1252, jedwali la lugha za Ulaya, ikasoma baiti moja moja na kutoa upuuzi huo mnaouona hapo juu. Ni kama mtu akupigie hodi kwa Kikamba nawe usikie ni Kifaransa.

Habari njema ni kwamba data haijaharibika, imesomwa vibaya tu. Kwa hiyo unairudisha ilikotoka, kisha unaisoma upya. Kwa Python ni mstari mmoja:

jina.encode('cp1252').decode('shift_jis')

Na pale pale ikatokea 東京フラッシュ. Herufi mbili za mwanzo ni Tokyo, na hizo nyingine ni neno la Kiingereza la mwanga wa ghafla, kama wa kamera, limeandikwa kwa matamshi ya Kijapani. (Onyo kwa mtakaojaribu: mstari huo haufanyi kazi kwa kila jina. Wimbo mwingine katika kadi ile ulianza kwa baiti 90, namba ambayo Windows-1252 haina herufi yake, programu ikagoma. Hapo ilibidi nisome baiti mbichi kutoka kwenye faili.)

Sasa nikaanza kutafuta mtandaoni nikiwa na hakika nitakuta wimbo wa mwaka 1982 hivi. Wapi! Wimbo ule ulitoka mwaka 2019. Umeandikwa na kuimbwa na kijana wa Tokyo anayejiita Vaundy, aliyezaliwa mwaka 2000. Alikuwa na miaka 19! Yeye mwenyewe hakuwapo katika hiyo miaka ya themanini aliyonifanya mimi niikumbuke.

Na ule wimbo ulionigomea? Ulikuwa "Mayonaka no Door" wa Miki Matsubara, uliotoka Novemba 1979. Kadi nzima ilikuwa hivyo, za kale na za jana zimechanganywa, na kwa mwenye gari hapakuwa na mpaka kati yao.

Nikasoma zaidi usiku huo. Wanauita muziki huo siti popu. Ulishamiri Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini hadi themanini, pesa zilipokuwa nyingi mijini na watu wakaanza kubeba muziki wao. Sony walitoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, mwaka ule ule wa wimbo wa Matsubara, na redio kaseti zikaingia ndani ya magari. Ulikuwa muziki wa kusikilizwa ukiwa safarini usiku. Halafu ukapitwa na wakati. Miaka mingi baadaye, 2017, mtu fulani akaweka YouTube wimbo wa Mariya Takeuchi wa mwaka 1984, "Plastic Love", na mtambo wa kupendekeza video ukaanza kuwapelekea watu ambao hawakuuomba. Mamilioni wakausikiliza, wengi wao hawajui Kijapani kama mimi. Mwishoni mwa 2020 ikawa zamu ya wimbo wa Matsubara kuzunguka dunia. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2004, akiwa na miaka 44. Hakujua.

Kama mtu wa programu nilitaka kujua pia hiyo hamu ya zamani inatengenezwaje. Si uchawi. Nyimbo za aina hii hupiga nota nne kwa pamoja badala ya tatu, na hiyo nota ya nne ndiyo inayoleta utamu wenye huzuni kidogo. Kinanda cha umeme kinapigwa taratibu. Sauti kali za juu zinapunguzwa, kwa sababu kaseti za kale hazikuzibeba vizuri. Na kuna programu zinazouzwa kwa pesa nzuri tu ambazo kazi yake ni kuongeza shhhh ya utepe, na kuyumbisha sauti kidogo kama mota iliyochoka. Fikirini! Watu wanalipa ili sauti iharibike kama ya redio kaseti ya mzee wangu.

Na hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ya kuchekesha.

Jumapili moja tulikuwa tunamrudisha Mzee nyumbani kutoka kanisani. Baba yangu ana miaka zaidi ya sabini sasa. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika kiwanda kimoja hapa Barabara ya Baba Dogo, zamu ya mchana wiki hii, zamu ya usiku wiki ijayo. Lakini katika miaka ya themanini, Ijumaa na Jumamosi, alikuwa mpiga besi wa bendi ndogo iliyopiga katika baa za Kariobangi na Ruaraka. Walipiga rumba ya Kiswahili, kwa mtindo wa akina Wanyika waliokuja kutoka Tanga. Mungu wake mdogo alikuwa Tom Malanga, yule aliyepiga besi ya Les Wanyika katika "Sina Makosa". Ukitaka kugombana na Mzee, sema besi ya wimbo ule ni rahisi.

Basi tuko kwenye Probox, Mzee amekaa mbele, na ule wimbo wa Vaundy ukaingia. Mimi nilikuwa nyuma katikati ya trei za mayai. Nikaona vidole vyake vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya goti. Ile mishono minne ya hewa ndiyo ilikuwa nyuzi zake. Akasikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akasema, "Huyu wa besi anajua kungoja."

Nikamwambia, "Baba, unafikiri ni wa mwaka gani?"

"Themanini na mbili. Tatu."

"Ni wa 2019. Mwimbaji alikuwa na miaka 19."

Akacheka. "Basi amewasikiliza wazee wake vizuri." Tukapita matuta mawili, akaongeza, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Sisi tulikuwa na ile kaseti moja."

Wadau, nilitamani mayai yanimeze.

Nieleze. Bendi ya Mzee haikuwahi kuingia studio. Pesa za studio za River Road hawakuwa nazo, na kila mmoja alikuwa na watoto. Lakini usiku mmoja wa mwaka 1986 waliweka redio kaseti juu ya kreti ya bia mbele ya jukwaa, wakabonyeza kitufe chekundu na kupiga nyimbo zao wenyewe, si za kuiga. Kaseti ya dakika 60, pande mbili. Nakala ilikuwa hiyo tu. Mzee aliipenda hadi akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka: kijino kikivunjwa, redio inakataa kurekodi juu yake. Ni ile tunayoiita leo faili la kusoma tu.

Na wenzangu mnakumbuka pia jinsi ya kuushinda ulinzi huo. Unachukua kipande cha karatasi, unakikunja, unakijaza katika lile tundu. Mwaka 1998 stesheni za FM za binafsi zilikuwa bado kitu kipya hapa Nairobi, vijana wa Dandora, Kalamashaka, ndio walikuwa wanatufungulia dunia, na mimi sikuwa na shilingi ya kaseti tupu. Nikaikuta ile ndani ya sanduku chini ya kitanda. Haikuwa na jina, ina tarehe tu. Sikujua ni nini? Nilijua, kwa sababu niliisikiliza kama dakika moja. Nikasikia watu wazima wanaimba kwenye baa, chupa zinagongana. Nikaona hainihusu. Nikakunja karatasi.

Nilijua kosa langu ukubwa wake siku moja tu, nilipomsikia Mzee akimwambia rafiki yake kuwa ana kaseti ya bendi mahali fulani. Niliirudisha sandukuni na sikusema kitu. Zaidi ya miaka 25 sikusema kitu.

Sasa, sisi tunaofanya kazi na kompyuta tumezoea huruma fulani. Ukifuta faili kwenye diski, mara nyingi kinachoondolewa ni anwani yake tu, data bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kaseti haina huruma hiyo. Utepe unapotembea wakati wa kurekodi, unapita kwanza kwenye kichwa cha kufuta, halafu kwenye kichwa cha kurekodi. Kabla wimbo wako haujaandikwa, wa mwenzako umeshasafishwa. Wale majina mabaya ya nyimbo za Kijapani niliyarudisha kwa mstari mmoja kwa sababu baiti zilikuwa pale pale. Hapa hakuna mstari wa Python.

Hata hivyo, wiki iliyofuata nilimwomba Mama lile sanduku. Kaseti ilikuwapo. Na karatasi yangu ilikuwapo pia, imekauka ndani ya lile tundu, ukurasa wa daftari la hesabu.

Nilinunua redio kaseti ya mtumba kwa fundi wa Kariobangi Light Industries, ambaye alinishangaa kama niliyeomba taa ya kibatari. Mkanda wa mpira ulikuwa umelegea, nikapata mwingine Luthuli Avenue. Kwa watakaotaka kufanya kazi hii, nawapa hatua kwa kifupi. Safisha vichwa kwa pamba na spiriti. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa cha kusoma, izungushe polepole sana huku unasikiliza, mpaka sauti za juu ziwe wazi, hapo kichwa kimelingana na utepe. Vuta waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la kuingizia sauti kwenye laptopu. Tumia Audacity, ambayo ni ya bure tangu mwaka 2000. Rekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16. Kaseti ya dakika 60 itakula kama megabaiti 635, usiibane kuwa MP3 kabla hujaweka nakala kamili. Na uwe mvumilivu. Utepe unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na hakuna njia ya mkato. Kaseti ya saa moja inachukua saa moja.

Nikaweka upande wa kwanza. Dakika 30 zangu tupu: watangazaji, matangazo ya sabuni, hip hop ya mtaa jirani, na mimi mwenyewe mahali pamoja nikikohoa. Nikaweka upande wa pili nikaenda kupika chai, kwa sababu nilijua nitakuta nini.

Nilikuwa nakoroga sukari nikasikia sauti ya mtangazaji inapanda juu, juu, kama panya, kisha kimya kidogo chini ya sekunde moja. Halafu chupa. Halafu gitaa.

Nilisimama na kijiko mkononi. Ilikuwa ni stima! Jioni ile ya 1998 stima zilipotea nikiwa narekodi. Mota ya redio ilikufa polepole, na sauti iliyorekodiwa kwa mwendo wa kupungua, ukiichezesha kwa mwendo wa kawaida, hupanda. Ule ukimya ni kipande cha utepe kilichofika kwenye kichwa cha kufuta lakini hakikufika kwenye kichwa cha kurekodi. Na baada yake ni bendi ya baba yangu, mwaka 1986, wako katikati ya wimbo. Dakika 3 na sekunde 40 mpaka utepe unaisha. Wote tunazitukana stima zikipotea mtaani, lakini jioni ile stima ndizo zilizomwokoa baba yangu kutoka kwangu.

Nilikaa usiku mzima nikijaribu kupunguza shhhh. Nikawaza wale watu Tokyo na kwingineko wanaolipa ili waiongeze, nikacheka peke yangu.

Jumamosi nikaenda na laptopu. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikapotea njiani, nikasema tu, "Baba, ile kaseti niliirekodia mimi juu. Nikiwa kidato cha kwanza. Imebaki dakika tatu na kitu."

Akaniangalia kwa muda. "Nilijua," akasema. "Niliifungua mwaka uliofuata nikakuta vijana wa Dandora wanapiga kelele. Sikuongea na wewe wiki nzima. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa na miaka 14.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Ingerudi?" Kisha akasema, "Weka."

Nikaweka. Akasikiliza na vidole gotini. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na unga mikononi. Wimbo ulipokwisha, nilitegemea machozi au shukrani au hata matusi. Mzee akasema, "Hapana. Hatukupiga hivi. Hii iko chini."

"Chini vipi?"

"Wimbo huu ulikuwa kwa G. Tulikuwa na kinanda cha umeme, tulikuwa tunatuni kwa kile. Hii yako imelala."

Nikafungua ramani ya masafa kwenye Audacity. Nota ya G ambayo besi yake ilikuwa ikirudia ilipaswa kuwa hezi 98. Kwenye rekodi yangu ilikuwa 95. Mota ya ile redio ya mtumba ilikuwa inatembea polepole! Mimi na vifaa vyangu vyote hatukuona, mzee mwenye masikio ya kiwandani ameona kwa kusikiliza mara moja, kwa kulinganisha na kitu alichokisikia karibu miaka 40 iliyopita. Nikaongeza mwendo kwa asilimia 3.2, nikacheza tena.

Bendi ikaamka. Siwezi kuieleza vinginevyo. Ile asilimia tatu ndiyo ilikuwa tofauti kati ya watu waliochoka na watu wa miaka thelathini wanaocheka kwenye baa.

"Sasa ndio sisi," akasema Mzee. Akaanza kunitajia nani alipiga nini, nani amekufa, nani alirudi Tanga. Nikawasha kinasa sauti cha simu bila kumwambia. Yapata saa moja na nusu. Hiyo nayo sasa iko sehemu tatu tofauti, na moja kati yake haiko Nairobi.

Wadau, nilichojifunza si kipya. Wengi wetu tunasema muziki wa kale wa kwetu umekufa kwa sababu vijana hawaupendi. Mimi siamini tena. Yule kijana wa Tokyo aliweza kutengeneza wimbo mpya unaokumbusha zamani kwa sababu zamani yenyewe aliikuta ipo, imehifadhiwa, inasikilizika, mpaka na sisi wa Baba Dogo tukaikuta ndani ya gari la mayai. Hakuna anayeweza kukumbuka kilichofutwa. Huku kwetu kuna masanduku chini ya vitanda, na huenda sasa hivi kuna mtoto anakunja karatasi, siku hizi karatasi yenyewe ni kubonyeza "futa" ili simu ipate nafasi. Nendeni mkaangalie. Ulizeni kabla wenye majibu hawajaondoka.

La mwisho. Kakangu amemaliza deni la gari, na juzi yule fundi alimkumbusha habari ya redio mpya. Akakataa. Nilikuwa nimeweka wimbo wa Mzee kwenye ile kadi ya SD, nikauandika jina lake kwa Kiswahili. Nilikuwa na wasiwasi redio itatoa upuuzi kama laptopu yangu ilivyofanya. Lakini Kiswahili chote huandikwa kwa zile herufi za kawaida ambazo karibu kila jedwali duniani linazikubali, hata Shift_JIS. Redio ya Kijapani ililisoma jina sawasawa, herufi kwa herufi, chini kidogo ya 東京フラッシュ.

Hifadhidata wiki ijayo, ahadi.